Walimu mliobaki darasani, ni nini hasa kinachowaridhisha?

Mwalimu wa Darasa la Pili

Ndugu wanajukwaa, hasa walimu mlioko kazini na ninyi mliokwisha kustaafu, naomba mnisaidie kwa mawazo.

Ninafundisha katika shule ya msingi ya serikali, kijijini, Kanda ya Ziwa. Niliajiriwa kwa cheti cha ualimu muda mfupi kabla elimu bila ada haijaanza kutekelezwa Januari 2016, na walimu wa madarasa ya chini wanakumbuka jinsi darasa la kwanza lilivyofurika mwezi ule. Tangu wakati huo sijatoka madarasa ya chini. Sasa hivi nina darasa la pili, na idadi ya watoto walio mbele yangu iko mbali sana na wale 45 kwa mwalimu mmoja tuliofundishwa chuoni kuwa ndicho kiwango.

Sikuja kulalamikia mshahara, wala malimbikizo, wala nyumba ya mwalimu. Mijadala hiyo ipo humu na nimeshaichangia. Kinachonisumbua ni kwamba muhula unapofungwa ninashindwa kujieleza mwenyewe nimefanya nini. Azimio la kazi nimeandaa, maandalio ya somo yamekaguliwa na kusainiwa, daftari la mahudhurio limejazwa, zamu nimeshika, taarifa ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) imekwenda kwa Afisa Elimu Kata kwa wakati. Ukitazama makaratasi, mimi ni mwalimu mzuri. Lakini nikirudi nyumbani jioni ninajiona kama karani wa watoto, wala si mwalimu wao.

Kuna jambo jingine ambalo pengine ni la kitoto, ila nitalisema. Matokeo ya darasa la saba yakitoka vizuri, wazazi huchanga, mwalimu wa darasa la saba hupewa mbuzi, na picha hupigwa. Sina kinyongo naye, maana anafanya kazi kubwa. Lakini watoto wale walifundishwa kusoma na mtu fulani, miaka mitano kabla, na hakuna anayemtaja. Hata watoto wenyewe hawamkumbuki, kwa sababu mtu akishajua kusoma anasahau kabisa kwamba kuna siku hakujua.

Wenzangu niliosoma nao chuo wametawanyika. Mmoja amejiendeleza kwa shahada ili ahamie sekondari, mwingine yuko halmashauri, na mwingine ameacha kabisa na sasa ni wakala wa huduma za fedha kwa simu, na kila tukizungumza ananiambia kwamba hajutii. Mimi sitaki kuondoka kwa kukata tamaa, wala sitaki kubaki kwa mazoea. Kwa hiyo swali langu ni hili: je, yupo kati yenu aliyeridhika na ualimu akiwa darasani, bila kupanda kuwa mwalimu mkuu na bila kutafuta mlango wa kutokea? Kama yupo, tafadhali aniambie ni kitu gani hasa anachokitazama siku ya Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, watoto wakiwa wanangoja uji. Naomba tu msiniambie kwamba ualimu ni wito. Hilo nimelisikia kila tarehe 5 Oktoba.

Bibi Mwalimu, mstaafu

Mwanangu, swali lako si la kitoto hata kidogo, na hilo la mbuzi usilionee aibu. Kila mwalimu wa madarasa ya chini analo moyoni, ila wengi hawalisemi.

Mimi niliingia kazini kwa mlango wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani, na kwa kuwa walimu hawakuwapo wa kutosha, tulichukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukafunzwa ualimu hukohuko vijijini huku tukifundisha. Tulikuwa na wakufunzi wetu, tulikuwa na masomo ya posta na vipindi vya redio, na watoto walikuwa wanatungoja asubuhi hata kama somo la jana hatukulielewa vizuri sisi wenyewe. Baadaye tulidharauliwa sana kwa hilo, na hadi leo mtu akitaka kumtukana mwalimu mzee humwita mwalimu wa UPE.

Lakini kijijini tuliheshimiwa. Mwalimu ndiye aliyeandika barua za watu, ndiye aliyeitwa kuhakiki mizani ya pamba, ndiye aliyeketi penye mapatano ya mahari ili yaandikwe. Vijana wengi husikitika kwamba heshima ile imepotea. Mimi nadhani sehemu kubwa yake ilitokana na kwamba watu wengine hawakujua kusoma, na kama sisi tulifanya kazi yetu, ilikuwa lazima ipungue. Kwa hiyo usiende kutafuta huko.

Sasa nikujibu ulichouliza. Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi nilikuwa na mvulana wa darasa la pili aliyelelewa na bibi yake. Ukimpa kitabu alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri, kidole kikiwa chini ya maneno, na mgeni yeyote angempa vema. Siku moja niliufunika mchoro kwa kiganja, nikamwambia aanze mstari wa chini kupanda juu. Akanyamaza. Kitabu kizima alikuwa amekihifadhi kwa kuwasikiliza wenzake, na kidole kilikuwa kinatembea tu. Watoto wa namna hii ni werevu sana, ndiyo maana huweza kujificha mpaka upimaji wa darasa la nne unapowaumbua.

Niliachana na kitabu. Nilikata maboksi ya sabuni yakawa kadi, nikaandika silabi, nikaanza na jina lake mwenyewe, kisha nikalivunja jina lile na kuzipanga upya silabi zake mpaka zikatoa maneno mengine. Silabi nyepesi alizimaliza haraka. Alikwama kwenye konsonanti zilizoshikana, zile za "mbwa" na "nywele", na hapo tulikaa muda mrefu, dakika chache kila siku wenzake wakinywa uji, na siku nyingi sikuona tofauti yoyote kati ya jana na leo. Kisha asubuhi moja alisoma "ng'ombe" bila kuambiwa, akanitupia jicho kuhakikisha kwamba nimesikia.

Baada ya muda bibi yake alikuja shuleni. Nilidhani amekuja kushukuru, kumbe alikuja kudai. Mama yule hakujua kusoma, na kila mwanawe alipomtumia fedha kwa simu kutoka mjini ilimbidi aipeleke simu dukani akasomewe ujumbe, na kabla hajafika nyumbani kitongoji kizima kilikuwa kimekwisha kujua kiasi gani kimeingia na wakopaji wamekwisha kujipanga. Sasa mjukuu alikuwa akimsomea ndani, mlango umefungwa. Tatizo ni kwamba mtoto aliyaweza maneno lakini zile sifuri mbili za senti zilimchanganya: shilingi 15,000.00 aliisoma milioni moja na nusu, na bibi akaenda kwa wakala kudai fedha ambazo hazikuwapo. Alitaka kujua kwa nini nimemfundisha mtoto nusu nusu.

Mwanangu, madai yale yalinifurahisha kuliko mbuzi yeyote. Mama yule alikuwa ameipeleka kazi yangu nyumbani kwake, ameitumia, ameiona kasoro yake, na amekuja nirekebishe. Wiki ileile tulianza kusoma namba kwa darasa zima, na simu yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa kitabu cha kiada.

Tangu hapo nilikuwa na daftari langu la pembeni ambalo halikukaguliwa na mtu. Kila Ijumaa niliandika jina la mtoto na jambo moja aliloliweza wiki ile ambalo hapo kabla hakuliweza: ameacha kuchanganya b na d, ameanza kuacha nafasi kati ya maneno, ameuliza swali kwa mara ya kwanza. Muhula ulipofungwa nililisoma daftari lile. Taarifa ya KKK ilikuwa inasema watoto wangapi wanajua kusoma, na ni lazima iandikwe, lakini humo ndani mimi sikuwamo. Kwenye daftari nilikuwamo. Basi hicho ndicho nilichokuwa nikikitazama Jumanne saa nne: nani leo nitamwandika Ijumaa.

Mwalimu wa Hesabu, shule ya kata

Shikamoo Bibi Mwalimu. Hiyo ya sifuri za senti nitaitumia kidato cha kwanza, maana huko nako ipo.

Mwalimu mwenzangu, kuhusu wito nakubaliana nawe, na ningependa kwenda mbele kidogo. Kauli ile haina ubaya mtu akijisemea mwenyewe. Ubaya huanza anapoambiwa na mwingine, na mara nyingi huambiwa wakati anapodai haki yake. Sijawahi kusikia mhandisi anayefuatilia posho yake ya safari akikumbushwa kwamba uhandisi ni wito. Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la Umoja wa Mataifa la elimu) kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, ambalo ndilo asili ya Siku ya Walimu Duniani tunayovalishwa fulana, halikuusifu ualimu kwa sababu walimu ni wavumilivu. Lilisema ualimu uhesabiwe kuwa taaluma, utumishi wa umma unaotaka maarifa na ujuzi maalumu ambao hupatikana na kudumishwa kwa kusoma bila kukoma, na likataka mazingira ya kazi na ujira vilingane na uzito huo. Inashangaza kwamba siku ya kuadhimisha waraka wenyewe ndiyo siku tunayohutubiwa juu ya kujitolea.

Tazama pia ni walimu gani tunaowatukuza. Mwalimu Nyerere alifundisha Tabora na baadaye Pugu, akaacha kazi 1955 ilipombidi achague kati ya kufundisha na uongozi wa TANU. Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu Zanzibar kabla ya siasa. Hayati Magufuli alifundisha Sengerema. Wote hutajwa katika hotuba kuwa ushahidi wa ukubwa wa ualimu, na wote waliondoka darasani. Sisemi kwamba walikosea, na nchi ilikuwa na haja nao kwingine. Nasema tu kwamba mwalimu aliyezeekea darasa la pili hana hotuba inayomhusu, na ndiyo maana wewe unajitafuta katika maneno ya sherehe na hujioni.

Mimi nimebaki kwa sababu ambayo haina utakatifu wowote: kazi hii inanifikirisha. Nitoe mfano. Kila mwalimu wa hisabati amekutana na mwanafunzi anayeandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Unaweza kuweka alama ya kosa, ukaandika jibu sahihi la 5/6, ukaenda daftari jingine, na kwa marundo ya madaftari tuliyo nayo hakuna atakayekulaumu. Mimi nilimwita msichana mmoja mezani nikamtaka anieleze amefikaje hapo. Kwa Kiingereza alisema neno moja akanyamaza, kwa sababu alikuwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili na ghafla masomo yote yamebadilishwa lugha. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili. Akasema: "Mwalimu, jaribio la kwanza nilipata moja ya mbili, la pili nikapata moja ya tatu. Wewe mwenyewe ulijumlisha, ukaniandikia mbili ya tano."

Alikuwa sahihi. Ndivyo tunavyojumlisha alama sote, kila wiki, mbele yao. Swali lile nililala nalo. Kesho yake nilimuuliza hivi: baba yako ana nusu ekari, anaongezewa theluthi ya ekari, kwa hesabu yako sasa ana mbili ya tano ya ekari, ambayo ni pungufu ya ile nusu aliyokuwa nayo. Ameongezewa shamba, mbona shamba limepungua? Alicheka, kisha akakaa kimya kwa muda, na tofauti aliipata mwenyewe: kwenye majaribio hata maswali yanaongezeka, yanakuwa matano, lakini kwenye shamba ekari inayogawanywa ni ileile moja. Sikuwahi kuielewa hesabu ya sehemu kwa namna ile mpaka siku hiyo, na mimi ndiye mwenye shahada. Saa kama ile siibadilishi na posho ya semina, ingawa posho ya semina nayo naitaka.

Wenye mamlaka wangependa wanafunzi wazungumze Kiingereza muda wote, na najua sababu zao, lakini kama ningeshikilia lugha asubuhi ile, wazo lile lisingetoka na ningeendelea kumwona mtoto mvivu. Hapo ndipo ninapojua kwamba kazi yangu ina ujuzi ndani yake, na kwamba mtu wa pembeni asingeweza kunishikia nafasi kwa siku moja.

Ushauri wangu kwako ni kwamba uchague kosa moja linalojirudia katika madaftari ya watoto wako, ulifuatilie mpaka ujue linatoka wapi. Na jioni funga madaftari. Mwalimu anayesahihisha hadi usiku wa manane, alfajiri yuko kwenye twisheni, na Jumamosi yuko dukani, hawezi kuona jambo la kushangaza darasani hata likimkalia mbele. Dai la kugawanywa kwa darasa lako nalo usiliache kwa kuona haya, maana katika msongamano huo huwezi kumwita mtoto mezani, na asipoitwa mezani haya yote tunayokuandikia hayatatokea.

Niliyeondoka

Nilifundisha sekondari, sasa niko katika ofisi ya bima. Naandika kwa sababu mijadala kama hii hujaa waliobaki, na mwulizaji anastahili kusikia upande wa pili.

Sijutii. Niliondoka baada ya kuona kwamba mwanafunzi akifeli siumii, na akifaulu sifurahi, na hali hiyo ilidumu, haikuwa uchovu wa wiki moja baada ya mitihani. Mtu aliyefika hapo anawadhulumu watoto akibaki. Ndugu walinisema kwamba nimefuata fedha, na ni kweli fedha zilikuwapo, lakini ningeweza kuondoka hata bila hizo. Nilichopoteza nitakitaja pia. Ofisini ninaijua kazi yangu, ninaheshimiwa, na jioni ninatoka mapema, ila hakuna mtu anayeniuliza swali ambalo sijawahi kulifikiria. Hicho kisa cha mbili ya tano kimeniuma kidogo.

Kipimo changu kwako ni hiki: mtoto uliyemfundisha kusoma akikatishwa shule akachunge ng'ombe, unakasirika? Kama bado unakasirika, mimi nisingekushauri uondoke. Kama hukasiriki tena, hakuna aibu yoyote katika kuandika barua ya kuacha kazi.

Mwalimu wa Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Huku mjadala huu ulipamba moto 2019, Peter Tabichi alipopewa tuzo ya kimataifa ya Global Teacher Prize, yenye thamani ya dola milioni moja. Yeye ni mtawa Mfransisko, wakati huo akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijijini katika Kaunti ya Nakuru, na habari iliyosambaa kuliko zote ilikuwa kwamba asilimia 80 ya mapato yake aliitoa kuwasaidia maskini. Katika chumba chetu cha walimu tulishangilia, kisha manung'uniko yakaanza. Mwenzetu mmoja aliuliza: sasa mzazi akisikia hivi, mimi mwenye watoto na karo ya sekondari nitaonekana mchoyo? Lilikuwa swali la haki, maana mtawa ameweka nadhiri zake na hana mwana wa kumlipia karo, na si busara kumpima baba wa familia kwa kipimo hicho.

Lakini ukiuweka mshahara kando, mambo mengine aliyosifiwa nayo yako katika uwezo wa walimu wengi: aliikuza klabu ya sayansi, na yeye pamoja na walimu wenzake wakawa wakiwasaidia wanafunzi walio nyuma mmoja mmoja na kuwatembelea majumbani mwao. Hapo kwenye "walimu wenzake" magazeti yalipita mbio, na kwangu ndipo palipokuwa na habari yenyewe.

Katika maelezo yako yote, mwulizaji, sikuona mwalimu mwingine wa shuleni kwako isipokuwa yule wa mbuzi. Mimi na mwenzangu wa gredi ya pili tuna mapatano. Akiwa hana kipindi, huja akaketi nyuma ya darasa langu, na hanitazami mimi. Anawatazama watoto watatu tu niliomchagulia. Siku moja aliniambia kwamba wale watatu huitikia pamoja na darasa, lakini huchelewa kidogo, midomo yao hufunguka baada ya silabi ya kwanza kusikika. Katika kelele ya darasa kubwa linalojibu kwa pamoja, mtu aliye ubaoni hawezi kulitambua hilo, awe hodari namna gani. Tukaanza kuwataka watoto waandike jibu daftarini kabla ya kulitamka. Wawili kati yao walikuwa hawaelewi, na wa tatu alikuwa hasikii vizuri sikio moja. Mama yake aliambiwa, na sasa anaketi mbele, upande wa dirisha.

Nami huenda kwake vilevile. Tukimaliza tunazungumza juu ya kufundisha kwenyewe, si juu ya TSC, tume inayotuajiri walimu, wala mkopo wa Sacco, na katika mazungumzo hayo ndipo ninapojiona kuwa mwalimu zaidi kuliko hata ninapokuwa mbele ya watoto. Je, una mtu wa namna hiyo hapo ulipo?

Mwalimu wa Darasa la Pili

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Sikutegemea kupata majibu yenye watoto halisi ndani yake.

Niliyeondoka, jibu la kipimo chako ni ndiyo. Juzi nilikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa kuchunga, nikarudi na hasira iliyonizuia hata kula. Mtoto hajarudi bado, lakini nitakwenda tena. Mwalimu wa Hesabu, barua ya kuomba darasa ligawanywe niliwahi kuifikiria nikaona nitaonekana mvivu; nitaiandika, na nitaanza na hoja yako ya mtoto asiyeitwa mezani.

Mwalimu wa Kilifi, umepiga penyewe. Sina. Yupo mwalimu wa darasa la kwanza tunayepakana naye ukuta, na hatujawahi kuzungumza juu ya watoto isipokuwa kukabidhiana orodha mwezi Januari, wakati watoto wake ndio wanaokuja kuwa wangu. Nitaanza na huyo.

Bibi, nina swali la utekelezaji. Kwa darasa kama langu, daftari la Ijumaa linawezekanaje? Nikiandika kila jina nitakesha, na nitakuwa nimejiongezea ripoti nyingine juu ya zile nilizo nazo.

Bibi Mwalimu, mstaafu

Marahaba mwanangu. Usiandike kila jina. Mimi nilichukua watoto wa madawati machache kwa wiki, nikawatazama hao kwa makusudi, na wengine nikawaacha waende na darasa. Wiki iliyofuata nikahamia madawati mengine. Muhula ukiisha umewapitia wote, na walio nyuma unawajua kwa majina bila jaribio lolote. Mtoto ambaye hakuna jipya aliloliweza, usimtungie. Acha mstari wazi mbele ya jina lake. Mistari iliyo wazi ndiyo iliyokuwa ikiniambia kadi nizipeleke kwa nani Jumatatu.

Kadi zenyewe zikate kwa maboksi magumu, maana manila hununuliwa na huchanika upesi. Na kwa kuwa unaanza na mwenzako wa darasa la kwanza, jambo la kwanza mkubaliane jinsi ya kuziandika herufi a na g ubaoni, kwa sababu watoto wengi hupoteza mwezi mzima wa Januari wakidhani mwalimu mpya amekuja na herufi nyingine.

Daftari lako lihifadhi nyumbani. Afisa Elimu Kata akiliona na kulipenda, mwezi ujao litakuwa fomu ya kata nzima, yenye safu ya sahihi na mhuri.